Kuanza kazi kwa wakala wa ajira ukitoka chuo: natoa nyota nne

Niliingia kwenye kampuni moja ya kutafuta wafanyakazi hapa Dar nikiwa bado mbichi kabisa kutoka chuo, nafasi yenyewe waliiandika "konsaltanti wa ajira, mhitimu". Jina la kampuni siliweki kwa sababu nitasema na mabaya yake humu, na wale watu bado wapo wanakula kupitia ile ofisi. Ila hawaishi watu wa kuniuliza ile kazi ikoje. Juzi tu mdogo wangu mmoja kamaliza Mzumbe, kaitwa usaili kwenye kampuni ya namna hiyo, anataka kujua aende au aendelee kusubiri kazi za serikali kwenye Ajira Portal. Nikamwambia aende. Naipa nyota nne kwa tano, na ile moja iliyokosekana nitaieleza maana ndo inayoniuma zaidi.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe ni nini, maana wengi wanadhani unakaa kwenye kiti cha kuzunguka unawasaili watu halafu unachagua nani apate kazi. Hapana. Wewe huajiri mtu. Mwajiri ndo anaajiri na mwajiri ndo anayekulipa. Analeta nafasi, mfano anataka mhasibu mwandamizi, wewe unakaa naye umuulize vizuri anataka mtu wa aina gani, unatafuta, unachuja, unampelekea majina matatu au manne, anawasaili mwenyewe, akimchukua mmoja kampuni yako inapeleka ankara ya asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa yule mtu. Asipochukua yeyote hulipwi hata kama umehangaika mwezi mzima, labda kama ni yale makubaliano ya retena ambapo mteja analipa sehemu kabla hujaanza. Na hata akichukua bado hujapona, kwa sababu kuna dhamana, kwetu ilikuwa miezi mitatu, mtu akiacha kazi au akionekana hafai ndani ya hapo unatafuta mwingine bure. Na mwajiri kwenye miezi ile ya mwanzo anaachana na mtu kirahisi tu, sheria ya ajira ya mwaka 2004 yenyewe inasema aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana ile kinga ya kuachishwa isivyo haki, kwahiyo unakuwa unamuombea mtu wako kama vile ni ndugu yako.

Kwa ufupi ni kazi ya mauzo. Kama ulisoma HR ukategemea kukaa unapanga mafaili ya likizo, huku siko.

Asubuhi ni simu. Unapiga kwenye makampuni ambayo hayajawahi kukusikia, unaanza na dada wa mapokezi, ambaye kama hujamsalimia kama mtu hakupeleki kokote, halafu ukifika kwa meneja wa rasilimali watu anakwambia tuma kampani profaili kwenye imeli, na imeli hiyo haijibiwi. Hii sehemu inawatoa wengi. Tuliingia kundi la wahitimu kadhaa, na waliobaki walikuwa wale ambao simu ikikatwa wanapiga inayofuata bila kuibeba moyoni. Tageti ilikuwa inaandikwa ubaoni, simu ngapi, mikutano mingapi na wateja wapya, watu wangapi wamepelekwa kwenye usaili, na kila Ijumaa jioni mnakaa mbele ya ubao mnasomana. Mimi ile presha ilinisaidia, ila nimeona mtu mwenye akili nyingi na roho nzuri sana akiumwa tumbo kila Alhamisi usiku kwa sababu ya ule ubao, kwahiyo sisemi ni kitu kizuri kwa kila mtu. Bosi anayejua kazi anaangalia pia simu zako zilikuwa za namna gani, hahesabu idadi peke yake.

Sasa uzuri wake. Hakuna kazi nyingine ya mhitimu ninayoijua ambayo ndani ya muda mfupi inakuonesha ndani ya ofisi na viwanda vingi hivyo. Wiki hii unatafuta mtu wa ununuzi, inabidi ujue PSPTB, ile bodi ya watu wa ununuzi na ugavi, ni akina nani na ile CPSP kwenye CV inamaanisha nini. Wiki ijayo ni mhasibu, unajifunza tofauti ya aliyemaliza CPA ya NBAA, bodi ya wahasibu, na aliyeandika tu kwamba yuko kwenye ngazi fulani na hajagusa mtihani miaka mitano. Akija mteja anataka injinia unaulizia usajili wa ERB, bodi ya mainjinia, umesajiliwa kama graduate injinia au professional injinia, maana mteja wa ujenzi hilo ndo swali lake la kwanza. Na kampuni zenye wageni zina hitaji lao lingine, sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wasio raia inawataka wawe na mpango wa kumrithisha Mtanzania ile nafasi, kwahiyo unatafutiwa mtu wa kukaa chini ya mgeni ajifunze halafu aichukue. Hizo oda nilikuwa nazipenda kuliko zote, ukipeleka mtu pale unajua kabisa umempeleka kwenye ngazi.

Kutafuta kwenyewe kuna ufundi. Kwenye LinkedIn na kwenye kanzidata ya ofisi unajifunza kuandika utafutaji wa AND, OR na NOT, maana mtu mmoja kaandika "storekeeper", mwingine "stock controller", mwingine "inventory officer" na wote kazi yao ni ile ile. Ila nikwambie ukweli, kwa nafasi za ufundi na za viwandani LinkedIn haikupeleki mbali. Watu wale hawako huko. Unampata mtu kwa kumuuliza mtu, unapiga kwa fundi uliyempeleka mwaka jana Tanga, anakwambia kuna jamaa tulikuwa naye Kahama kwenye mgodi, huyo ukimpata umepata, anakupa namba.

Mfano mmoja sitausahau. Kiwanda kilitaka fundi umeme wa mitambo, zamu ya usiku, mashine zikisimama hasara ni kubwa. CV zikaja nyingi mno, na karibu zote zimeandika kitu kimoja, mchapakazi, anaweza kufanya kazi chini ya presha, anapenda kufanya kazi na wenzake. Katikati yake kulikuwa na CV ya mzee mmoja wa Morogoro, kurasa mbili, ina cheti cha ufundi na orodha ya viwanda alivyopita, basi, hakuna hata sentensi moja ya kujisifu. Mwenzangu alikuwa ameshaiweka kwenye "hapana". Nikampigia.

"Shikamoo baba, naongea kutoka Dar, ni kuhusu ile nafasi ya ufundi umeme uliyoomba."

"Marahaba mwanangu. Nilijua mmeshapata vijana."

"Hapana baba, bado. Naomba nikuulize, mashine imesimama saa nane usiku, uko peke yako na opareta, unaanzia wapi?"

Akanyamaza kidogo halafu akaanza. Akasema kwanza namuuliza opareta alisikia nini kabla haijasimama, maana yeye ndo alikuwa nayo, mlio unakwambia mengi. Halafu naangalia umeme unaoingia, fyuzi, kontakta, ile oveloodi kama imejikata, na kama imejikata siirudishi kabla sijajua kwanini imejikata, maana ukiirudisha mara ya pili unaunguza mota. Akaenda hivyo mpaka kwenye sensa na PLC, ile kompyuta ndogo inayoongoza mashine, akaniambia kabisa kwamba PLC anaisoma ila programu yake haandiki, huyo mwenye kiwanda kama ana mtu wa kuandika basi mimi nitamtosha. Sikuelewa nusu ya aliyoyasema lakini niliandika yote, nikayaweka kama yalivyo kwenye karatasi ya kumtambulisha kwa mteja badala ya ile CV. Meneja wa kiwanda alisoma akapiga mwenyewe, akasema huyu nileteeni hata kesho. Wenye digrii kwenye ile orodha walikuwepo na walikuwa wazuri, ila yule mzee ndo alipewa kazi.

Hapo ndo nilielewa kazi yangu iko wapi. Tanzania imejaa watu wanaojua kazi na hawajui kuiandika, na pembeni yao kuna wanaojua kuandika. Kama konsaltanti hapigi simu, haulizi swali la kazi yenyewe, anachosha watu tu.

Jambo la pili ambalo ile kazi ilinifundisha, na ningependa kila anayemaliza chuo alijue hata kama hataki kabisa kuwa konsaltanti, ni hesabu ya mshahara. Ugomvi mwingi wa ofa unaanzia hapa. Mwajiri anaongea gross, yaani kabla ya makato, mwombaji anaongea anachoshika mkononi, wote wanasema "laki nane" na kila mmoja ana laki nane yake. Chukua gross ya 800,000. NSSF asilimia 10 inaondoka 80,000, inabaki 720,000 ya kukatwa kodi. PAYE hapo ni 60,000 kwa viwango hivi ambavyo 270,000 ya kwanza haikatwi. Kama ulisoma kwa mkopo wa bodi, HESLB wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, tuseme wote ni wa msingi, hiyo ni 120,000. Mkononi unashika 540,000. Na mtu anayetaka milioni moja kamili mkononi, ana mkopo wa bodi, anatakiwa aombe gross ya kama milioni 1.7 na kidogo. Nimeona watu wazima wakisaini ofa kwa furaha halafu mwisho wa mwezi wa kwanza wanapiga simu wanalia. Baada ya hapo nikawa na karatasi yangu ya Eksel, hakuna mtu niliyempeleka kwa mwajiri kabla hatujakaa kwenye simu tukapiga hizo hesabu pamoja, na kabla sijamuuliza notisi yake kule alipo ni siku ngapi, maana kwa anayelipwa kwa mwezi sheria inasema isipungue siku 28 na mteja anataka mtu Jumatatu.

Kuna na ile ya kontaofa. Mtu kakubali, mteja kafurahi, ankara inaandaliwa, mtu anapeleka barua ya kuacha, bosi wake wa zamani anamuongezea laki mbili, anabaki. Inauma sana. Dada mmoja mkubwa pale ofisini, ambaye ndo alinifundisha karibu kila kitu, alikuwa anawauliza watu siku ya kwanza kabisa kabla hata ya usaili, "bosi wako akikuongezea hela leo, utaondoka bado?" na anakaa kimya anasikiliza. Akisikia mtu anasitasita anamwambia mdogo wangu, nenda kaongee na bosi wako kwanza, huna haja ya kazi mpya, una haja ya nyongeza. Nilimheshimu sana kwa hilo, maana alikuwa anaachia hela yake mwenyewe.

Tuje kwenye hela yetu sisi. Mshahara wa kuanzia ni mdogo, lazima uwe tayari kwa hilo, wanakwambia komisheni ndo itakuinua na kiukweli inaweza kukuinua. Shida ni lini inalipwa. Pale kwetu komisheni ilikuwa inatoka mteja akishalipa, na wateja wengine, tena makampuni makubwa yenye magorofa, wanakaa na ankara miezi. Wewe umepeleka mtu mwezi wa tatu, anafanya kazi, anapandishwa cheo, wewe komisheni hujaiona. Tena mkataba ulisema ukiacha kazi kabla mteja hajalipa unaipoteza yote. Hili naliona ni kosa kubwa. Mtu katoa jasho, kazi imekamilika, kuchelewa ni kwa mteja, kwanini adhabu aibebe mfanyakazi wa chini kuliko wote? Wenzangu waliondoka wakiacha hela zao mle ndani na sikuona haki yoyote.

Na usafi wa biashara yenyewe. Kampuni yetu hapa nawapa alama zote. Mwombaji halipi chochote. Si fomu, si "ada ya usajili," si kiti cha usaili. Mkataba namba 181 wa ILO wa mwaka 1997 unaohusu mawakala binafsi wa ajira unasema hivyo hivyo, asilipishwe mtafuta kazi, moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Ukiitwa kujiunga na wakala ambaye anachukua elfu ishirini ishirini kwa vijana mlangoni, usiingie, maana hapo biashara ni hizo elfu ishirini na wewe utakuwa ndo mkono wa kuzipokea. Wanapata watu kwa sababu ya njaa ya kazi iliyopo. Mnakumbuka 2014 Uwanja wa Taifa, watu zaidi ya elfu kumi kwenye usaili wa Uhamiaji, nafasi 70? Au TRA 2025, nafasi 1,596 na walioitwa kwenye mtihani zaidi ya laki moja. Kijana aliyetoka kwenye foleni kama hiyo ukimwambia lete elfu ishirini nikuunganishe atakopa akuletee. Kumgusa mtu wa hivyo ni dhambi, sina neno lingine.

Leseni nayo waulize. Na uliza kama wao ni wa kuunganisha watu na waajiri au bado wanafanya ule mtindo wa kuajiri watu wao halafu wanawakodisha kwenye makampuni, maana serikali ililiingilia hilo kwa kanuni za mwaka 2014 na lilileta kelele sana kwenye mabenki na kampuni za simu.

CV za watu pia. Tangu ije sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, ofisi yetu ilianza kumuuliza mtu kabla ya kupeleka CV yake kwa mteja. Kabla ya hapo zilikuwa zinarushwa kwenye magrupu ya WhatsApp na namba ya NIDA juu. Bado kuna ofisi zinarusha.

Sasa ile nyota niliyoitoa. Nimeitoa kwa ajili ya waliokosa. Kwa kila mtu mmoja anayepata kazi kuna waliofika usaili wakakosa, na nyuma yao kuna rundo walioomba tu. Kwenye mfumo wetu wote hao hatima yao ilikuwa ukimya. Hakuna tageti ya kuwapigia waliokosa, haipo ubaoni, hakuna mteja anayelipia hiyo simu, kwahiyo haipigwi. Mtu kasafiri kutoka Mbeya na basi la usiku, kalala kwa shemeji yake Mbagala, kavaa suti ya kuazima, kasailiwa vizuri, kaambiwa tutakupigia. Anaishi na ile simu mkononi wiki tatu, wiki nne, anaogopa hata kuzima akilala, anakataa kibarua cha kwao kwa sababu anasubiri majibu ambayo sisi tunayo tangu Jumanne. Nilipolileta kwenye kikao niliambiwa hatuna muda huo. Muda upo. Simu ya "kaka, hawajakuchukua, walitaka mtu aliyetumia programu ya SAP na wewe hujaitumia, ukiipata nitafute tena" ni dakika mbili. Nilianza kuzipiga mwenyewe jioni baada ya saa za kazi, na wengi hawakukasirika, walishukuru, wengine walisema ni mara ya kwanza katika maisha yao kuambiwa kwanini wamekosa. Kadhaa walirudi na hicho kilichopungua na nikawapeleka kwa wateja wengine wakapata. Kwahiyo hata kibiashara hao mabosi wanapoteza.

Nani namshauri aombe? Mtu anayependa kuongea na watu na kusikiliza zaidi ya kuongea, asiyeogopa simu, anayeandika Kiswahili na Kiingereza vizuri maana ripoti kwa wateja nyingi ni Kiingereza na maongezi na waombaji nusu ni Kiswahili. Ulisoma nini haina uzito sana, pale tulikuwa na mtu wa sosholojia, wa masoko, hadi wa kilimo kutoka SUA, na huyo wa kilimo ndo alikuwa hatari kwa wateja wa mashamba na mbegu maana alijua anachoulizwa. Kama unataka ratiba isiyobadilika na mshahara unaoujua mpaka senti, sikushauri. Na ukikaa pale mwaka mmoja au miwili ukaamua kuhama, milango ipo, waajiri wenyewe wanawachukua makonsaltanti kuwa watu wao wa kuajiri wa ndani kwa sababu wameshafanya nao kazi wakawaona.

Ukiitwa usaili kwenye kampuni ya hivi, na wewe wasaili. Waulize komisheni inalipwa lini, na nini kinaipata nikiondoka kabla mteja hajalipa, waombe wakuoneshe hilo kwenye karatasi. Waulize nitakaa chini ya nani na huyo mtu mwenyewe bado anapiga simu au anasimamia ubao tu. Waulize nani anawapigia waliokosa. Wengi watatoa macho kwenye hilo la mwisho. Ukikuta ofisi moja ambayo wanakujibu bila kufikiri, ina jina la mtu wa kuipiga hiyo simu na siku ya kuipiga, kubali hata kama mshahara wa kuanzia unazidiwa laki moja na wale wengine.